Katiba Haipigiwi Simu

Mwenyekiti amefariki. Habari ilinikuta sokoni asubuhi, nimeinama juu ya beseni la perege, na aliyenipa ni mama muuza samaki ambaye binti yake aliwahi kukimbia mbio fupi akiwa shuleni. "Mwalimu, umesikia? Mwenyekiti katutoka," alisema, halafu akanitazama usoni aone nitafanyaje. Nilisema Mungu amrehemu, nikachukua samaki wangu, nikapanda bajaji kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wasomaji wa safu hii mnakumbuka kwamba niliwahi kuwa mjumbe wa kamati tendaji ya chama chetu cha riadha cha mkoa, na wengi mmeniandikia mkitaka nimkumbuke Mwenyekiti kwa maneno mazuri kama nilivyowakumbuka wengine hapa. Nimesubiri huzuni ije ili niandike kwa unyenyekevu. Haikuja. Najua desturi yetu, kwamba marehemu hasemwi. Ila watu aliowazibia njia hawajafa. Nakutana nao stendi, nakutana nao kanisani, na mmoja wao ndiye anayewafundisha wajukuu zangu kukimbia. Nikimsifu yeye nitakuwa nimewaambia wao kwamba yaliyowapata hayakutokea.

Nianze na haki yake, maana anayo. Mwenyekiti hakuwa mwizi. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, na wafugaji wa Simanjiro na Kiteto walimfahamu kabla sisi wa mjini hatujamfahamu, kwa sababu alizunguka na chanjo kwenye maboma yao miaka mingi. Alipostaafu akajenga nyumba yake Nakwa. Alipoombwa kusaidia mashindano ya shule alikuja na pikapu yake mwenyewe, akapiga chokaa mistari ya uwanja kwa mkono wake, akawapeleka watoto Arusha na kuwarudisha salama kwa wazazi wao. Ndiyo maana tulimchagua, na mwaka ule hata mimi nilimpigia kura kwa furaha. Hakula fedha ya chama, hakumsumbua binti wa mtu, hakulewa hadharani. Mara nyingi nilitamani angekuwa mwizi. Mwizi hukaguliwa, hukamatwa, watu wakapumua. Mtu ambaye kosa lake lote ni kukaa na kuzuia, utamshtaki kwa nani?

Sijawahi kumwona akikimbia, hata siku ile mvua kubwa ilipotukuta katikati ya uwanja na kila mtu akatimua mbio. Alichokipenda ni kikao. Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni karibu na stendi, kwenye meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha plastiki, na chai ya maziwa kwenye chupa. Alifika wa kwanza kila mara, amevaa koti, akatupokea mlangoni kwa kutuuliza habari za watoto kwa majina yao. Aliipenda kupita kiasi ile sehemu ya kikao tunayoiita yatokanayo, ambapo wajumbe huyapitia tena yaliyosemwa kikao kilichotangulia. Ilitokea tukamaliza yatokanayo jua limezama, na ajenda zenyewe za siku ile zikageuka kuwa yatokanayo ya kikao kijacho. Hakubishana na mtu. Ukileta hoja asiyoitaka alitabasamu, akasema, "Hoja yako nzuri sana, Mwalimu," kisha akaunda kamati ndogo ya kuichunguza, na kamati ndogo hiyo haikuitishwa tena. Nilifika mahali nikawa naziogopa sifa zake kuliko matusi ya mtu mwingine.

Wakati huo alikuwepo binti mmoja kutoka upande wa Hanang', aliyekuja kuishi Bonga kwa shangazi yake. Aliishia darasa la saba. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao na alikiongea taratibu, lakini alipokuwa barabarani hakuna aliyehitaji kumsikia akiongea. Alfajiri alipanda na kushuka ile barabara ya Dodoma, malori yakimpigia honi, na kufikia muda ambao wenzake wanakunywa chai alikuwa amesharudi, anamsaidia shangazi yake kazi za shamba. Hakuwa na kocha. Nilimfahamu kwa sababu nilimkuta mara nyingi nikienda kazini, nikamwalika uwanjani, naye akaja.

Siku ya mkutano mkuu nilimshauri aje kusikiliza, kwa kuwa ulikuwa wazi kwa wote. Alikaa nyuma kabisa mpaka tulipofika kwenye maswali, ndipo akanyoosha mkono. Aliamkia shikamooni, akauliza, "Sisi tunaokimbia tunapigia kura wapi?" Lilikuwa swali fupi. Katiba yetu iliwataja viongozi wa wilaya na viongozi wa klabu, na haikumtaja mkimbiaji popote. Mwenyekiti alicheka kwa upole. "Binti yangu," alisema, "kazi yenu ni kukimbia. Kazi yetu ni kukaa." Watu wakapiga makofi. Yule binti hakukaa chini. Alisubiri makofi yaishe, akasema ahsante baba, ila swali lake bado halijajibiwa. Mwenyekiti akasema ni hoja nzuri sana. Nilikuwa nimekaa meza kuu upande wake, nikaona namna alivyoendelea kumtazama binti yule hata baada ya mkutano kuhamia kwenye jambo jingine.

Miezi michache baadaye zikafanyika mbio za mchujo kwenye uwanja wetu, na katika mita elfu kumi yule binti aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba wa pili alipomaliza, yeye alikuwa ameshajifunga kanga na anakunywa maji kivulini. Viongozi wa ngazi ya taifa wakatuomba jina la mwanamke mmoja wa kwenda kambini. Lilitakiwa lithibitishwe na kamati tendaji na liwafikie kabla ya siku waliyoipanga kupita, na Mwenyekiti akaitisha kikao chetu siku moja tu kabla ya hiyo. Alisema kabla ya hapo wajumbe wengine walikuwa na shughuli. Jina la binti aliliweka mwishoni, kabla tu ya mengineyo. Tulianza na yatokanayo. Kisha tukajadili rangi ya fulana za timu, mjumbe mmoja akitaka kijani na mwingine akitaka bluu, na Mwenyekiti, ambaye siku nyingine angelikata jambo hilo kwa neno moja, aliwaachia waseme mpaka chai ikapoa. Tulipokaribia jina, wajumbe wawili wakasimama wakaomba radhi, wakasema wana msiba Magugu. Mwenyekiti aliwapa pole, akawasindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi hakukaa. Alituhesabu kwa ncha ya kalamu, akatangaza kwamba akidi haijatimia, yaani wajumbe tuliobaki hatukutosha kuamua jambo lolote, na kikao kimeahirishwa.

Nilisimama. Nilimwambia wale wawili hawajafika hata stendi, tuwapigie simu warudi kwa muda mfupi tu, tuthibitishe jina moja ambalo hakuna mtu aliyekuwa na neno nalo, kisha waende msibani kwao. Mwenyekiti alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. "Mwalimu," alisema, "katiba haipigiwi simu." Akanitakia jioni njema, akaenda zake. Muda mrefu baadaye mmoja wa wale wawili alinieleza kwamba msiba ulikuwepo kweli, lakini mazishi hayakuwa ya siku ile, na aliyewashauri wawahi kuondoka ni Mwenyekiti mwenyewe. Mkoa haukupeleka jina. Angempeleka mpwa wake ningekasirika, lakini ningemwelewa, maana upendeleo tunaufahamu sote. Yeye hakumpeleka yeyote. Aliona ni heri nafasi ibaki tupu kuliko ijazwe na mtu aliyemuuliza swali mbele za watu.

Kazi ya kumwambia ikawa yangu. Nilichukua bodaboda hadi Bonga, nikamkuta uani na shangazi yake wanapukuchua mbaazi. Begi lilikuwa limeshafungwa, limeegemezwa ukutani, na juu yake limekunjwa sweta ambalo jirani alilitoa kwa ajili ya baridi ya kambini. Niliwasalimu, nikakaa, nikaeleza. Nilieleza vibaya, najua, kwa sababu maneno ya kikao hayana maana yoyote uani kwa watu.

"Nani alinikataa?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyemkataa. Jina lake halikujadiliwa, wajumbe walipungua, kikao kikaahirishwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema hapana."

"Hakuna."

"Basi nimkasirikie nani, Mwalimu?"

Shangazi yake aliinuka, akalichukua begi akaliingiza ndani. Binti aliendelea kupukuchua. Nilipoanza kutaja cheo cha Mwenyekiti aliniomba nisiendelee, kwa kuwa hakutaka kumchukia mtu mzima kwa kosa ambalo hata mimi niliyekuwepo sikuweza kulieleza lilitendekaje.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka mingi, na nadhani ndiyo sababu naandika haya leo. Wasomaji wangu wengi mmekaa kwenye kamati: ya shule, ya soko, ya msikiti, ya usharika, ya maji. Mnajua kamati ni kitu kizuri, kwamba mtu mmoja asiamue peke yake mambo ya wengi. Lakini mnajua pia kwamba kamati ni mahali pazuri pa kumficha mtu mmoja. Hapo anaweza kuamua peke yake kila siku, na ukimtafuta unaambiwa aliyeamua ni kikao. Anaweza kumharibia mtu maisha kwa kuchelewa tu, kwa kuweka jambo mwishoni, kwa kuwaruhusu watu watoke, na mikono yake ikabaki safi. Mwenyekiti alikuwa fundi wa hilo. Aliijua katiba ibara kwa ibara, na sijawahi kumwona akiitumia kumfungulia mtu mlango. Aliitumia kama komeo. Na sisi wajumbe tulimwachia, wengi kwa heshima ya umri wake, wengine kwa sababu chai ilikuwa nzuri na safari za ngazi ya taifa aligawa yeye. Mimi nilipiga kelele, nikapoteza kura moja baada ya nyingine, na kipindi changu kilipokwisha jina langu halikurudi.

Yule binti hakuacha kukimbia. Alikimbia mbio za barabarani za Moshi na Arusha kwa nauli ya kuchangiwa na wauza mboga wa Bonga, akashinda baadhi, mpaka goti likamgomea. Akaolewa, akazaa, akaanza kuwafundisha watoto wa mtaani kwao kwenye uwanja wa majani usio na hata mstari. Watoto wale wakaanza kushinda. Ngazi ya taifa ilipoulazimisha mkoa wetu ufanye uchaguzi uliokuwa umeahirishwa mara nyingi, viongozi wa klabu walimfuata yule binti, ambaye sasa alikuwa mama, wakamwomba agombee uenyekiti. Alizunguka wilaya zote kwa mabasi. Nilikwenda naye Mbulu na Kiteto, nikamsikia akiwaeleza watu jambo moja tu, kwamba mkimbiaji apate kura. Kila tulikofika walikubali.

Mwenyekiti hakufanya kampeni hata siku moja. Aliitisha kikao cha kamati tendaji wiki chache kabla ya uchaguzi, na akidi siku hiyo ilitimia bila shida. Wakapitisha kanuni kwamba mgombea wa uenyekiti awe na cheti cha kidato cha nne. Sababu waliyoitoa ni heshima ya chama. Kamati ndogo ya usaili ilimwita mgombea wetu, ikamwomba cheti, ikamshukuru kwa kujitokeza, na safari hii kamati ndogo ilimaliza kazi yake siku ileile. Mwenyekiti akapita bila kupingwa. Alipokuwa anashangiliwa alisema mbele ya wote kwamba mlango wake uko wazi kwa yule mama, aje amshauri wakati wowote. Nadhani aliamini alichosema, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Alilala usingizi mzuri miaka yote ile.

Mazishi yalifanyika nyumbani kwake Nakwa. Watu walijaa mpaka migombani. Viongozi walikuja na magari kutoka mbali, wakasema ameacha pengo, ametumikia mpaka pumzi ya mwisho, riadha imepoteza mzazi. Wakimbiaji waliambiwa wavae fulana zao na wapangwe mbele ili wapigwe picha. Yule mama alikuja na watoto wake wa Bonga, akakaa nao pembeni. Mwongozaji wa ratiba, kijana ambaye nina hakika hakuijua historia, alitafuta mtu wa kuzungumza kwa niaba ya wakimbiaji, akaoneshwa yeye, akampa kipaza sauti.

Alisimama akaamkia. Akasema yeye alikimbia wakati wa marehemu. "Tulimwomba atupishe, hakupenda. Leo amepisha. Mungu ampokee." Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Viongozi walitazama chini, na mchungaji akaanzisha wimbo haraka kuliko ilivyopangwa. Niliogopa kwamba familia itamtoa. Baada ya kaburi kufukiwa nilimwona mjane wa Mwenyekiti akimwita kwa ishara ya mkono, nikasogea nikidhani nitahitajika kumwombea radhi. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshikwa na dada zake. Alimshika yule mama mkono kwa muda. "Hata sisi hapa nyumbani tulimwomba apumzike," alimwambia. "Wajukuu walimjua kwa koti." Hakulia aliposema hivyo. Yule mama akapiga magoti, akampa pole kwa lugha ya kwao, na mjane akaijibu, maana kumbe na yeye ni wa Hanang'. Walikaa pale hata magari ya viongozi yalipoanza kuondoka.

Sasa chama hakina mwenyekiti, na tumegundua kwamba kwa katiba aliyoisimamia, anayeweza kuitisha mkutano mkuu ni mwenyekiti peke yake. Makamu alihamia Dodoma zamani na nafasi yake haikujazwa. Viongozi wa ngazi ya taifa wamesema suala letu litawekwa kwenye kikao chao kijacho, na mchujo wa vijana, unaotaka majina kutoka kila mkoa, hauwasubiri. Wiki iliyopita viongozi wa klabu walichoka. Walikutana uwanjani mchana, wakawaita na wakimbiaji, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, kila mtu mkono mmoja. Walimchagua yule mama awaongoze. Alikubali kwa sharti kwamba ni mpaka mchujo uishe, kisha nafasi hiyo apewe mtu ambaye bado anakimbia. Mzee mmoja wa kamati ya zamani alisimama pembeni akasema mkutano ule si halali. Huenda kweli si halali, na huenda ngazi ya taifa ikaukataa. Lakini majina ya vijana yameshakwenda, na safari hii yalikwenda mapema.

Kiongozi mmoja aliniambia pale msibani kwamba Mwenyekiti amefariki akiwa bado kwenye kiti chake, na aliona hiyo ni sifa kubwa. Mimi naona ndiyo lawama. Mtu aliyepewa watu wa kuwaongoza miaka yote ile, akaondoka bila kumwandaa hata mmoja, hakuwatumikia, aliwakalia. Ukipewa kiti, waambie waliokupa siku utakayoondoka, uwaambie kwa sauti, mbele ya watu watakaokukumbusha. Jumamosi nilikwenda kwenye kamati yetu ya maji ya mtaa, ambako mimi ni katibu, nikawaambia kwamba uchaguzi ujao sigombei na kwamba nimeanza kumfundisha kazi mama mmoja jirani yangu. Walishtuka, wakasema Mwalimu, mbona bado una nguvu. Niliwajibu kwamba ndiyo sababu naondoka sasa, nikiwa na nguvu za kwenda mwenyewe.